Divai ya mabibo kusini: mwongozo wa hatua kwa hatua, kuanzia chini ya mkorosho hadi kwenye glasi

Kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwisho wa mwaka, ukipita mashamba ya Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa au Nachingwea unasikia harufu ya mabibo kabla hujaiona mikorosho yenyewe. Mkulima anachomoa korosho, anajaza gunia, anapeleka AMCOS, chama chao cha ushirika. Bibo, tunda lenyewe, linabaki chini. Uzito wa bibo moja ni kati ya mara 5 na 10 ya korosho yake, kwa hiyo aliyepeleka tani moja ghalani ameacha shambani tani 5 au zaidi za tunda lenye sukari na lenye vitamini C nyingi kuliko chungwa. Kiasi kidogo kinakuwa uraka, pombe ya kienyeji ya mabibo, kiasi kingine kinaanikwa kikawa kochoko, na kilichobaki kinaoza.

Mimi ni mtu wa divai. Kazi hii nilijifunza kwenye zabibu, Dodoma, na nikiwa huku kusini swali ninaloulizwa zaidi ni kama zabibu zinaweza kustawi Mtwara. Mzabibu wa kivuli cha uani utaota na utakupa vichala. Lakini shamba la biashara ni jambo jingine. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu hewa ni kavu na mkulima anaupangia mzabibu ratiba kwa kuupogoa. Pwani yetu ina unyevu, na mzabibu kwenye unyevu hushikwa na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, hadi majani yanapukutika. Utatumia fedha nyingi kwenye dawa kuliko utakazopata kwenye tunda. Wakati huohuo tunda la divai tunalo tayari, limepandwa na babu zetu na linaanguka lenyewe.

Wengi walioonja divai ya mabibo wanasema inakwangua koo na inanuka vibaya. Wana haki, kwa sababu nyingi ziko hivyo. Lakini kosa huwa si la bibo. Divai hii huharibika siku ya kwanza, kati ya tunda kuanguka na maji yake kuingia kwenye ndoo, na hakuna hamira wala ufundi wa baadaye unaorudisha kilichopotea hapo. Ndiyo maana hatua za mwanzo nitazieleza kwa kirefu na za baadaye nitazipitia haraka.

Vifaa

Nachukulia unaanza na lita 20 za maji ya mabibo. Utahitaji kilo 35 hivi za matunda. Uwe na ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 30 yenye mfuniko, dumu la lita 20 la mdomo mwembamba na jingine kama hilo la akiba, mpira mwembamba wa mita moja na nusu, kitambaa cheupe cha pamba cha kuchujia, mizani ndogo inayosoma gramu, kipimajoto, karatasi za kupimia pH, yaani ukali wa uchachu, na haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kukuonyesha uzito wa sukari. Haidromita usiiache. Bila hiyo unakisia, na divai ya kukisia haiwezi kufanana chupa mbili mfululizo.

Viungo ni hivi: sukari kilo 3, wanga wa muhogo gramu 100, ndimu, potasiamu metabisalfaiti ya daraja la chakula, na pakiti ya gramu 5 ya hamira ya divai. Hamira na metabisalfaiti vinauzwa na wauza vifaa vya viwanda vya vyakula Dar es Salaam na hutumwa kwa basi.

Kuna vyombo viwili ninavyovikataa kabisa. Cha kwanza ni dumu lililowahi kubeba dawa ya mikorosho, hata kama limeoshwa kwa sabuni mara kumi. Huku kwetu madumu hayo yako kila nyumba na yanaonekana mazuri. Plastiki hunywa dawa na kuirudisha polepole, na pombe inaitoa vizuri zaidi kuliko maji. Cha pili ni chombo chochote cha chuma kinachoshika kutu. Bibo lina tanini nyingi, ndiyo inayoleta ukakasi, na tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi kama wino. Tumia mbao, plastiki, kioo au chuma kisichoshika kutu.

Hatua ya 1: fagia jioni, okota alfajiri

Bibo zuri la divai ni lililoanguka usiku huu. Lililoanguka juzi limeshaanza kuchacha lenyewe, lina mchanga kwenye michubuko, na wadudu wadogo wa matunda wameshatua wakaacha vimelea vya siki. Kwa macho ni vigumu kulitambua, hasa bibo jekundu. Njia ya uhakika ni kufagia chini ya mkorosho jioni, ukaondoa kila kitu. Utakachokikuta alfajiri kimeanguka usiku. Mengine yachume mtini, yale yanayoachia tawi ukiyagusa tu.

Bonyeza kila tunda kwa kidole gumba. Liwe limejaa, lisiwe na sehemu laini wala mchubuko unaotoa maji. Kisha onja moja kutoka kila mti. Usiamini rangi. Wapo wanaoapa kwamba la njano ni tamu kuliko jekundu, lakini mikorosho yetu mingi ya zamani ilitokana na mbegu, kila mti una tabia yake, na mti wa njano unaokaba koo unaweza kusimama hatua kumi kutoka mwekundu mtamu kama asali. Miti mizuri ifunge kitambaa shinani, uirudie mwaka kesho.

Beba kwenye tenga au kreti, matunda yasirundikane zaidi ya shibiri moja kwenda juu. Gunia ni adui: ya chini yanapondeka na kuchemka kabla hujafika nyumbani. Jua la saa saba lisikukute na mabibo ambayo hayajakamuliwa.

Kabla ya kununua muulize mwenye shamba maswali mawili. La kwanza: umepuliza nini, na lini mara ya mwisho? Salfa ya ubwiri unga hupulizwa kuanzia maua yanapotoka, na unga wake ukibaki kwenye tunda, hamira huugeuza kuwa hewa inayonuka yai viza. Harufu hiyo ambayo watu hudhani ndiyo asili ya divai ya mabibo mara nyingi ni salfa iliyokosa kuoshwa. Kama amepuliza dawa ya wadudu, soma kibandiko uone siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kama hazijatimia, usinunue.

Swali la pili: anaridhia mabibo yake yaende kwenye divai? Majirani zetu wengi ni Waislamu. Mtu ana haki ya kujua tunda la shamba lake linakwenda wapi. Mwambie wazi, na akikataa, mshukuru ukanunue kwingine. Wapo wanaokubali ukichukua kwa ajili ya juisi tu, na hatua ya 4 itakuonyesha mahali ambapo juisi na divai zinaachana.

Hatua ya 2: chomoa korosho bila kuiumiza

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Aliyewahi kuipasua korosho mbichi kwa meno anayajua. Tone moja likiingia kwenye maji ya mabibo, midomo ya mnywaji itakuambia. Kwa hiyo korosho haikatwi kwa kisu wala haing'olewi kwa nguvu. Ishike, izungushe nusu mzunguko, ivute. Ikigoma, zungusha uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, pale korosho inapokutana na tunda, kisha vuta ncha mbili. Inaachia safi.

Korosho ni mali ya mkulima na irudi kwake kavu, safi, bila mabaki ya tunda. Huu ndio mpango unaokubalika kwa urahisi vijijini: vijana wako wanaokota na kuchomoa, yeye anabaki na korosho zake zote zikiwa tayari kwa kuanikwa, na anapata fedha kidogo ya mabibo juu yake. Mama mmoja wa Newala aliniambia kazi ya kuinama ndiyo inayommaliza msimu mzima kuliko kupuliza dawa. Ukimpunguzia kuinama hatakuuzia ya siku mbili.

Hatua ya 3: osha, kata, kamua

Osha kwenye maji safi mara mbili, ya pili yakiwa yanatiririka. Kata kipande chembamba upande uliokuwa na korosho, kwa sababu hapo ndipo mafuta ya ganda hubaki, kisha kata tunda vipande vinne kwa kisu kisichoshika kutu. Vaa nguo ya kazi. Utomvu wa bibo ukikauka kwenye kitambaa hautoki.

Usitwange kama unatwanga kisamvu. Kwenye uraka watu hutwanga hadi tunda linakuwa nyuzi, na ukakasi mwingi hutoka kwenye nyuzi na ngozi hizo zilizosagika. Ponda kidogo tu ngozi zipasuke, kisha kamua kwenye kitambaa kwa mikono iliyovaa glavu, au kwa mashine ya kukamulia ya parafujo. Kamua mara moja, taratibu. Maji yanayotoka bila nguvu ndiyo bora. Yale ya mwisho, ambayo unayapata kwa kukaza mpaka mishipa inakutoka, yaweke pembeni. Viwanda vya zabibu navyo hutenga hivyohivyo, mkamuo wa kwanza na wa mwisho haviingii pipa moja. Machicha wape mbuzi au yazike kwenye mboji.

Mara tu lita 20 zikitimia, yeyusha gramu 2 za potasiamu metabisalfaiti kwenye nusu kikombe cha maji, mimina, koroga. Inazuia vimelea vya siki na inalinda rangi isigeuke kahawia. Pima kwa mizani, si kwa kijiko, na usisogeze pua juu ya unga wake. Mwenye pumu asiishike. Pia isichanganywe kichwani na salfa ya shambani: ile ni ya mikorosho na haiingii kwenye kinywaji kamwe.

Hatua ya 4: kuvunja ukakasi

Hii ndiyo hatua inayotofautisha divai na uraka, na ndiyo inayorukwa.

Ukakasi ni tanini inayojishika na ute wa mdomoni. Ute ukinaswa, ulimi unakauka na ufizi unabana. Dawa yake ni kuipa tanini kitu kingine cha kujishika nacho, halafu kukiacha kitu hicho kizame. Cha karibu kwetu ni wanga wa muhogo. Gramu 5 kwa kila lita, yaani gramu 100 kwa lita zako 20. Upike na lita moja ya maji hadi uji uwe mwororo na uangavu, uache upoe kabisa, kisha uumimine ukikoroga polepole kwa dakika tano. Funika. Acha usiku kucha mahali pa baridi zaidi ulipo napo, saa 10 hadi 12. Asubuhi utakuta tope zito chini na maji ya rangi ya majani makavu juu. Vuta yale ya juu kwa mpira, tope liache.

Onja kabla na baada. Nimeona watu waliozaliwa chini ya mikorosho wakishangaa kwamba hicho ni bibo.

Kama bado linabana, tumia jelatini isiyo na ladha, ile ya wapika keki. Hapa usikisie; fanya jaribio la glasi kama wanavyofanya maabara ya kiwanda. Yeyusha gramu 1 kwenye mililita 100 za maji ya moto, iache ipoe iwe vuguvugu. Jaza glasi tatu, kila moja mililita 200 za maji ya mabibo. Ya kwanza tia mililita 5 za jelatini, ya pili 10, ya tatu 20. Koroga, subiri saa mbili tatu, onja sehemu ya juu. Ukichagua glasi ya kwanza, lita 20 zinahitaji gramu 5. Ya pili gramu 10. Ya tatu gramu 20. Ushauri wangu ni kuchagua ile ambayo bado inaugusa ufizi kidogo. Ukiondoa tanini yote divai itakuwa tepetepe, haina pa kusimama.

Anayetaka juisi aishie hapa: pasha moto hadi nyuzi 85, jaza kwenye chupa zilizochemshwa ikiwa bado moto, funga. Vyombo vya juisi vitengwe na vya divai moja kwa moja, na wateja wako wajue hivyo.

Hatua ya 5: sukari na uchachu

Zabibu iliyoiva inakuja na sukari ya kutosha pombe ya asilimia 12 au zaidi. Bibo lina nusu yake hivi. Haidromita kwenye maji ya mabibo husoma karibu 1.044, na ukiyaacha hivyo utapata kinywaji cha asilimia 6 ambacho hakitadumu kwenye chupa. Lenga 1.085. Kwa lita 20 hiyo ni sukari kama kilo 2 na nusu, lakini anza na kilo 2, koroga iyeyuke yote, pima, ndipo uongeze. Haidromita ndiyo yenye neno la mwisho.

Upande wa uchachu bibo liko chini. pH yake huwa 4 na zaidi, na hapo vijidudu wabaya wanaishi raha. Ishushe hadi kati ya 3.4 na 3.6. Maji ya ndimu 12 hadi 15 ni mwanzo mzuri kwa lita 20. Pima baada ya kila ndimu tano. Mimi napenda kutumia nusu ndimu na nusu ukwaju. Asidi kuu ya ukwaju ni tataariki, ileile ya zabibu, na inaipa divai uchachu wa mviringo ambao ndimu peke yake haitoi. Loweka ukwaju kwenye maji ya moto, chuja vizuri sana, na kubali kwamba rangi itakolea kidogo.

Hatua ya 6: hamira

Yakishatimia masaa 24 tangu uweke metabisalfaiti, amsha hamira: pakiti nzima kwenye nusu kikombe cha maji ya nyuzi 35 hadi 40, bila sukari, dakika 15. Itatoa povu. Ongeza humo maji ya mabibo kidogo kidogo ili joto likaribiane, kisha mimina yote ndooni. Bibo halina chakula kingi cha hamira, kwa hiyo chemsha kijiko cha chai cha hamira ya mkate kwenye kikombe cha maji kwa dakika kumi, ipoe, uitie. Imekufa, inaliwa na ile hai.

Hamira ya mkate yenyewe inaweza kufanya kazi ikiwa huna nyingine. Itakupa harufu ya unga na mashapo yasiyotulia, na hapo lenga sukari ya 1.070 tu.

Funika ndoo, toboa mfuniko kwa ukubwa wa mpira, ncha nyingine ya mpira itumbukie kwenye chupa ya maji. Hewa itoke, isiingie.

Tatizo letu ni joto. Divai kama hii inataka nyuzi 18 hadi 24, na Novemba ya Mtwara mjini au Lindi haitakupa hizo. Ikipita nyuzi 32 hamira inahangaika na harufu zote za matunda zinaondoka na mvuke. Iweke ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, iviringishe gunia lililoloana, chumba kipitishe upepo, na kila jioni badilisha maji au tumbukiza chupa za barafu. Wa uwanda wa Makonde mna bahati, usiku wa Newala unafanya nusu ya kazi hiyo. Ningekuwa na fedha ya kujenga chumba cha divai kusini, ningekijenga juu huko.

Nusa kila siku. Harufu ya yai viza ikianza, vuta divai kwa mpira ukiiachia ianguke kwa kishindo kwenye ndoo nyingine, na uongeze chakula cha hamira. Fanya hivyo siku ileile, kwa sababu ikikaa inajificha ndani na haitoki tena.

Hatua ya 7: kuhamisha na kungoja

Baada ya siku 7 hadi 10 povu linatulia. Haidromita ikisoma kati ya 0.995 na 1.000 kwa siku tatu bila kubadilika, kazi imekwisha. Hamishia kwenye dumu, ukiacha mashapo, na ujaze hadi shingoni. Nafasi tupu ni hewa, na hewa ni siki. Ongeza gramu 1 ya metabisalfaiti. Hamisha tena baada ya mwezi, na tena ukiona mashapo mapya. Miezi miwili hadi mitatu inatosha iwe angavu. Ikigoma, nusu ya ute mweupe wa yai moja, uliopigwa na chumvi kidogo na maji, itaisafisha lita 20 ndani ya wiki moja au mbili.

Divai hii usiifikirie kuipika. Gongo ni kosa kisheria, na divai iliyopata subira hii yote haistahili kuishia kwenye pipa.

Hatua ya 8: chupa

Chemsha chupa, jaza, acha nafasi ya vidole viwili chini ya kizibo. Lita 20 zitakupa chupa 24 hivi za mililita 750. Anayependa tamu asitie sukari akafunga hivihivi: hamira iliyobaki itaamka na chupa itapasuka, na kioo kinaruka. Tia sukari, kisha weka chupa zilizolegezwa vizibo kwenye sufuria ya maji, divai yenyewe ifike nyuzi 65 kwa dakika 20, ndipo ukaze. Laza chupa gizani. Miezi mitatu ya kwanza usiiguse.

Kuonja kama mtu wa kazi

Onja asubuhi, saa nne hivi, kabla ya chakula kizito na kabla ya sigara. Nyumba isiwe na udi wala marashi. Kwetu hili ni gumu, kwa hiyo kaeni barazani. Divai iwe ya ubaridi wa nyuzi 10 hadi 12, glasi ziwe za mguu, na kila glasi ibandikwe namba chini ili asijue mtu ipi ni ya nani. Undugu unaharibu kuonja.

Angalia kwanza juu ya karatasi nyeupe. Divai nzuri ya mabibo ni dhahabu nyepesi. Ikiwa kahawia imekula hewa, ikiwa na wingu imefungwa mapema. Nusa kabla ya kuizungusha, kisha zungusha unuse tena. Unatafuta bibo lenyewe kwanza, ile harufu ya Oktoba ambayo hakuna tunda jingine linayo, halafu nanasi, pera lililoiva, wakati mwingine asali. Harufu ya rangi ya kucha ni mlango wa siki. Yai viza tumeshalisema.

Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, vuta hewa kidogo kati ya midomo, tema ndoo. Waonjaji wa kazini wanatema, vinginevyo glasi ya tano haitaonjwa na mtu yuleyule. Uchachu utausikia pembeni mwa ulimi kwa mate yanayotoka. Pombe ni joto la kooni. Tanini iko kwenye ufizi. Zingatia muda: ladha inakaa kwa muda gani baada ya kutema, na inaisha na nini? Divai ya mabibo iliyorukishwa hatua ya 4 inaanza vizuri na kuishia na ukavu unaokufanya uombe maji. Iliyofanyiwa kazi inaishia na utamu mwepesi wa tunda, hata kama haina sukari. Andika unachokisikia kabla ya kuzungumza na mwenzako.

Kisha irudie na chakula, kwa sababu ndiko itakakoishi. Pweza wa kukaanga wa Mikindani anaipenda, uchachu unakata mafuta. Samaki wa nazi anataka ile iliyobakiwa na utamu kidogo. Na korosho za kukaanga zenye chumvi: tunda na mbegu yake vinarudi pamoja mezani, na ninaamini huko ndiko hoteli na mikahawa yetu ingeanzia.

Kabla hujauza chupa ya kwanza

Kutengeneza kwa kuuza kunataka mambo manne yakamilike: jengo na bidhaa vikaguliwe na kusajiliwa na TBS, shirika la viwango, leseni ya vileo kutoka halmashauri, usajili TRA, mamlaka ya mapato, kwa ajili ya ushuru wa bidhaa, na stempu za kodi kwenye chupa. Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, Mtwara au Lindi, watakuelekeza mpangilio wa chumba cha uzalishaji kabla hujajenga kitakachokataliwa. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo pale nje kidogo ya Mtwara mjini, wamefanya kazi ya bidhaa za mabibo kwa muda mrefu, divai ikiwemo, na hutoa mafunzo kwa vikundi. Nendeni mkiwa kikundi.

Kwenye kibandiko andika kijiji na mwaka wa mavuno. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili, ukafika Goa na ukafika kwetu. Goa wametengeneza kutokana na mabibo kinywaji chao, feni, na mwaka 2009 kikapewa ulinzi wa jina la kijiografia nchini India. Sisi tuna miti ileile na mikoa mizima iliyojaa mabibo, na bado chupa nyingi hazisemi zimetoka wapi. Andika Kitangari, andika Mnacho, andika Mahuta.

Kila mkupuo uwe na ukurasa wake kwenye daftari: miti uliyookota, tarehe, usomaji wa haidromita mwanzo na mwisho, pH, wanga au jelatini, joto la kila siku. Chupa mbili za kila mkupuo zisiuzwe. Moja ifungue Juni, nyingine wiki moja kabla ya mabibo ya kwanza kuanguka, ukiwa na daftari mkononi, ili ujue ni miti ipi ya kuifagilia chini mwaka huo.